Paka wa Ghala na Samaki wa Baba Mkwe

Tumemzika baba mkwe wangu, mzee Anyelwisye. Jina hili naliandika nikiwa nimekaa kwenye kiti kama mtu huru, maana enzi za ujana wangu mdomo wangu haukuruhusiwa kulitamka hata usingizini. Mazishi yalikuwa mazuri, sina la kusema. Mvua yetu ya Tukuyu ilitupisha kidogo, watu wakashuka kutoka Isongole kwa bodaboda, kwaya ikaimba mpaka sauti zikakauka. Aliyeniudhi ni wifi yangu Sekela. Alisimama mbele ya waombolezaji, leso mkononi, akasema kwamba tangu mama yao alipofariki yeye ndiye aliyempikia baba, na kwamba kwa mikono yake baba hakuwahi kulala njaa. Watu wakaitikia amina. Mimi wakati huo nilikuwa nyuma ya nyumba nageuza ndizi kwenye sufuria la msiba, moshi umenijaa machoni, nikasema moyoni, haya. Mimi niliishia darasa la nne, kuhutubia sijui. Lakini kuandika najua, na majina ya watu sijasahau hata moja.

Mwaka ninaousema ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Miaka iliyofuata ilinitenda vibaya. Nimemzika mume, na shamba letu la chai alilichukua shemeji Gwamaka kabla udongo wa kaburi haujakauka, na nasema jina lake kwa sababu yuko hai na anasikia. Lakini ule mwaka mmoja nilicheka, na hakuna aliyeweza kuninyang'anya kicheko kama walivyoninyang'anya chai. Ilikuwa ndiyo kwanza mambo yamefunguliwa, kila kitu ruksa. Sisi tuliokuwa tumefua nguo kwa majani ya mpapai tukaanza kuona sabuni zimepangwa sokoni kama matofali, rangi kwa rangi, na mitumba imemwagwa chini kwenye turubai, unachagua gauni la mzungu huku unatafuna karanga. Wafanyabiashara wakaanza kupanda na samaki kutoka ziwani Kyela, si usipa tu, wale dagaa wa ziwa, hata mbasa wakubwa wa kukaushwa, wanene kama mkono wa mtu mzima. Mume wangu Ipyana naye aliona jembe limekuwa dogo. Akawa anapakia ndizi kwenye malori pale Kyimo na kusafiri nazo hadi Dar es Salaam, akirudi anakaa kidogo, ananiletea kitenge, anaondoka tena. Kwa hiyo nilibaki nyumbani kwa watu na mkwe nisiyeruhusiwa kumtazama.

Vijana wa leo nikiwaeleza hili wanafikiri natunga. Kwetu Unyakyusa mkamwana na baba mkwe walikuwa hawakutani. Watu wengi wa kanisani walikuwa wameshaanza kulegeza, lakini ukoo wa mume wangu ulikuwa haujalegeza chochote. Boma lilikuwa na njia mbili. Njia ya juu, iliyopita chini ya mparachichi hadi kwenye nyumba yake ya matofali, ilikuwa yake. Yangu ilikuwa ya chini, nyuma ya zizi, katikati ya migomba, yenye tope hadi kwenye vifundo vya miguu. Akitaka kupita karibu anakohoa, na mimi nikisikia kikohozi natupa kilichoko mkononi, najifunika kitenge kichwani, nachuchumaa kwenye migomba mpaka apite. Uso wake sikuujua. Nilijua kikohozi chake, nilijua mlio wa viatu vyake vya mpira, nilijua harufu ya ugoro wake uliomtangulia kama mbwa. Na yeye nadhani alinijua kwa harufu ya moshi na mgongo wa kitenge. Lakini chakula chake nilikipika mimi, maana mama mkwe nilimkuta ameshafariki. Jikoni kwangu kulikuwa na kuta za mianzi zilizopakwa udongo, mafiga matatu, na dirisha dogo kama uso wa mtoto. Hapo nilimenya ndizi, nikachemsha magimbi, nikaunga maharage kwa maziwa jinsi mama yangu alivyonifundisha, na chakula kikishaiva nakipakua kwenye bakuli la bati lenye kifuniko. Aliyekipeleka ni Sekela, maana ni mwanaye wa kuzaa, na alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwa mume wake kwa sababu ambazo kila mtu alikuwa na zake za kueleza.

Sasa ona ulivyokuwa mtego wenyewe. Mimi na mzee hatukuwa na njia ya kusemezana isipokuwa Sekela. Akirudi na bakuli tupu ananiambia baba amesema unapika kama mtu anayechemsha nguo. Nalia kidogo, kesho naongeza bidii. Kumbe huko juu kwa baba yake, haya niliyajua baadaye, alikuwa anasema amepika yeye, kwamba mkewe Ipyana ni mzembe, analala mpaka jua linachoma paa. Mzee anamhurumia mwanaye kwa kazi nyingi. Tuliishi hivyo, watu wawili tusiojuana, katikati yetu mtu mmoja mwenye bakuli.

Paka nilimkuta mvua inanyesha, ile mvua yetu isiyo na haraka. Nilikuwa nimeenda kukata mkungu, nikainua majani makavu chini ya mgomba, nikaona macho mawili. Alikuwa jike, kijivu mwenye mistari, sikio moja limechanika kama jani la mgomba lililopigwa na upepo, na manyoya yamejaa vumbi jeupe lililogeuka uji kwa mvua. Sasa nisikilize kuhusu paka asiye na mwenyewe, maana watu wengi wanakosea mwanzoni kabisa. Wanamrukia. Ukimrukia atakuchana na hutamwona tena, na utasema ana roho mbaya kumbe roho mbaya ni yako. Mimi niliweka vichwa vya usipa kwenye jani, nikampa mgongo, nikaendelea kukata ndizi zangu. Mtu mwenye njaa hapendi kutazamwa akila. Nilipogeuka jani lilikuwa tupu na yeye amekaa palepale ananitazama kama hakimu. Kesho yake nikaliweka jani karibu na zizi, siku iliyofuata mlangoni pa jiko, na kisha alikuwa ndani, amejikunja karibu na majivu.

Lakini kumlisha si kummiliki. Kabla hujamwita wako, uliza. Nilizunguka nyumba za jirani nikiuliza nani kapotelewa na paka mwenye sikio bovu, mpaka nikafika kwa Lwitiko, aliyekuwa mtunza ghala la ushirika. Alikuwa amekaa barazani anatengeneza redio. Akaniambia bila hata kuinua kichwa kwamba ndiye, ni paka wa ghalani, amezaliwa juu ya magunia na amekula panya wa ushirika maisha yake yote. Ghala lilikuwa limefungwa tangu wanunuzi binafsi waanze kwenda wenyewe mashambani. Nikamuuliza kwa nini hakumchukua yeye. Lwitiko akacheka.

"Mwanangu, kila mtu sasa ni ruksa kujitafutia. Na paka naye ruksa."

Namtaja Lwitiko kwa sababu hiyo. Mizani ya ghala aliichukua nyumbani kwake, meza aliichukua, hata kufuli la zamani alilichukua. Kiumbe pekee aliyekuwa anapumua mle ndani ndiye aliyemwacha nje.

Mama Jestina, jirani yetu wa upande wa bondeni, alinipa ushauri wa namna mbili kwa pumzi moja. Wa kwanza, paka akija mwenyewe ametumwa, kwa hiyo nimtie kwenye gunia nimtupe mtoni Kiwira kabla hajajua jina langu. Wa pili, kama nakataa kumtupa, basi nimpake siagi kwenye nyayo, akijiramba ataizoea nyumba na hatahama. Nikachukua wa pili. Nilipiga maziwa kwenye kibuyu, nikatoa siagi, nikampaka miguu yote minne, naye alijiramba nusu siku kwa uso wa mtu anayefanya kazi ya serikali. Nikamwita Karani, kwa sababu ya ule ukaguzi wake. Hakuna gunia wala kapu lililoingia jikoni bila yeye kulinusa pembe zote. Panya waliokuwa wanacheza ngoma juu ya dari walihama, sijui walihamia kwa nani, naomba iwe kwa Lwitiko. Na mimi niliyekuwa siongei na mtu kuanzia Ipyana apande lori hadi ashuke, nikapata wa kuongea naye. Namweleza bei ya sabuni. Namweleza Sekela amesema nini. Wakati mwingine nacheka peke yangu mpaka Mama Jestina anauliza kutoka bondeni kama nina mgeni, namjibu ndiyo.

Kitu kimoja kilinishangaza. Karani alianza kupotea asubuhi, na akirudi ananukia ugoro. Kwanza sikuelewa. Siku moja akaja akipiga chafya mfululizo, na mgongoni ana vumbi la kahawia, mahali ambapo mkono wa mtu umepita na kupita tena. Nikakaa chini kwa kicheko. Paka wangu alikuwa anapita njia ya juu. Alikuwa anaingia mlango ambao mimi sikuthubutu hata kuutazama, analala mapajani kwa mkwe wangu, anapapaswa, kisha anarudi kwangu kula. Tangu hapo nikawa namnusa kila akirudi, nijue mzee ameamkaje. Ugoro mwingi, mzee ana raha. Akirudi mapema, mzee ametoka kwenda Nkunga kwa ndugu zake. Na nadhani na yeye alimnusa akagundua moshi wa jiko langu, maana siku moja Karani alikuja na tambara jekundu shingoni, limefungwa kwa fundo la uangalifu, fundo la mtu mzima. Mtu akimfunga paka kitambaa anawaambia walimwengu, huyu ana kwao. Nililitazama lile fundo siku nzima. Ilikuwa kama nimeandikiwa barua.

Ndipo ulipoingia mbasa. Ipyana alileta samaki wazuri, wakubwa, akasema wengi ni wa baba. Mimi kila siku nakata kipande kinene, naunga kwa nyanya na kitunguu, napakua na ugali au ndizi, Sekela anabeba. Akirudi uso umekunjamana, ananiambia baba amekasirika, samaki hafiki, yule paka wako ananirukia njiani anamnyakua. Nikamwambia wifi, bakuli lina kifuniko. Akasema paka wa kutumwa hashindwi na kifuniko. Nikasema labda, maana nilikuwa mgeni kwa watu, nitasema nini? Nikamfungia Karani jikoni wakati wa chakula. Sekela akaja kumfungulia akisema jiko linanuka. Na siku ya soko akaja na gunia.

"Baba ameamua," akaniambia. "Huyu anakwenda mtoni leo hii. Na amesema, aliyemleta naye ajiandae. Ipyana akirudi mtarudishwa kwenu, wewe na uchawi wako."

 Kurudishwa kwetu maana yake ng'ombe wa mahari kurudi, na kwa ng'ombe wale baba yangu alikuwa ameshamwozea kaka yangu mke. Ningevunja nyumba mbili kwa siku moja. Na nisingeweza kwenda kumwambia mzee neno. Ningeenda kumsemesha kwa kinywa gani? Mtu niliyetaka kumsihi alikuwa umbali wa kurusha jiwe, na katikati kulikuwa na Sekela na gunia. Nikamtafuta Karani jikoni, zizini, kwenye migomba, hayupo. Tangu asubuhi alikuwa hajaonekana. Sekela naye alimtafuta, akachoka, akasema atamkamata jioni. Mimi nikapika. Nilipika kwa machozi, na siku hiyo sikukata kipande, niliweka nusu ya samaki mzima, kichwa na tumbo, kama mtu anayeaga.

Sekela alipobeba bakuli nilimfuata. Sikumfuata kwa ujanja wowote, nilifikiri tu kwamba kama paka yuko hai atatokea harufu ya samaki, nami nimdake kwanza mimi. Nikapita kwenye migomba, sambamba naye. Alifika kwenye kichaka cha migomba kilicho nyuma ya mparachichi, akachuchumaa, akafunua kifuniko. Hakuna paka aliyemrukia. Alikula kwa utulivu, anatoa miba kwa ncha za vidole, anaiweka chini ya jani, tena anaguna kidogo kama mtu anayesifia mpishi. Wallahi, kama ningekuwa na tumbo la wema ningefurahi. Kisha akafunika, akajifuta, akaenda. Nami nikabaki nimekaa palepale, hasira imenifunga miguu, ukuta wa nyumba ya mkwe wangu uko mbele yangu na dirisha liko wazi.

Nikasikia bakuli limewekwa mezani. Nikasikia kifuniko. Kisha sauti ya mzee, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia ikisema kitu kirefu kuliko kikohozi.

"Sekela, huu ni mchuzi mtupu. Samaki yuko wapi?"

"Baba, si yule paka. Amenirukia pale kwenye mparachichi, nimepiga kelele hata hukusikia."

"Yule wa mistari?"

"Huyo huyo."

"Mwenye sikio lililochanika."

"Ndiye, baba. Tena leo alikuwa na njaa ya kuua mtu."

 Kitanda kikalia. Nikasikia komeo la chumba cha ndani linavutwa, halafu mzee akasema polepole, kwa adabu, kama anayemwita shahidi.

"Hebu toka, mama. Njoo utueleze umepita wapi."

Niliinuka kidogo kwenye majani. Kupitia dirishani niliona mkia umesimama wima, una ncha iliyopinda, unatembea katikati ya chumba bila haraka. Karani alijinyoosha, miguu ya mbele kwanza, kisha ya nyuma, akakaa mbele ya Sekela na kuanza kujiramba.

"Tangu asubuhi nimemfungia humu," mzee akasema. "Samaki wangu wanaliwa kila siku na paka ambaye kwangu hajawahi kugusa hata kipande cha nyama bila kupewa. Nikataka kuona. Sasa sijui, labda leo ametokea kwenye tundu la komeo, akala, akarudi."

Sekela akasema basi ni mwingine, paka wanafanana. Mzee akamuuliza kama na huyo mwingine alichanika sikio hilohilo. Sekela akasema inawezekana ni ndugu. Mzee akasema, "Na mafuta ya kidevuni mwako ni ya ndugu yupi?"

Hapo nilicheka. Nilijiziba mdomo kwa kitenge lakini kicheko kilikuwa kimeshapita, kikubwa, cha msichana, kikapiga ukuta wa mkwe wangu na kurudi.  Kisha nikasikia kile kikohozi. Nikaanguka chini, nikajifunika kichwa, nikajua sasa kweli nimejimaliza, mkamwana amecheka dirishani kwa mkwe wake. Nikangoja anifukuze. Alipokuja kusema, hakusema na mimi.

"Paka, nani huyo anacheka kwenye migomba yangu?"

Nilikaza kitenge kichwani. Akangoja.

"Paka, nakuuliza tena. Wewe unakotoka kila siku na moshi kwenye manyoya, mpishi wa huko ni nani?"

Ndipo nikaelewa. Mwiko ulikuwa unanikataza kusema na mkwe. Kusema na paka haukuwahi kunikataza. Nikamjibu kutoka chini ya kitenge, kicheko bado kimekaa kooni.

"Paka, mwambie baba, mpishi ni mkewe Ipyana. Tangu siku aliyoletwa."

 Sekela nilimsikia akitoka kwa mlango wa nyuma, na gunia lake sikuliona tena, nadhani alilitia viazi. Kisha mzee akasema, bado kwa paka, kwamba mwenye kupika ndiye abebe. Kwamba kuna jiwe mlangoni, bakuli liwekwe pale, na yeye atakuwa ameelekea ukutani, hamtazami mtu na hatatazamwa, na mambo ya mababu hayatakuwa yamevunjika, yatakuwa yamesogezwa kidogo kumpisha paka.

Kesho yake nilipita njia ya juu. Ilikuwa kavu, sikujua boma letu lina njia kavu. Nilikuta ameketi kwenye kigoda, mgongo kwangu, mgongo mpana uliovaa koti la mitumba lenye vifungo vya dhahabu vya bandia, na Karani amejilaza kwenye kivuli chake. Nikaweka bakuli juu ya jiwe nikageuka niondoke. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akalivuta, akafunua.  Halafu akammega yule mbasa katikati, akabakisha kipande chenye kichwa, akalisukuma bakuli nyuma kwenye jiwe.

"Paka," akasema, "mwambie mwanangu, huyu samaki ni mkubwa kwa mzee mmoja. Aketi."

Nikaketi. Yeye ameelekea ukuta, mimi nimeelekea migomba, migongo yetu ingeweza kugusana kama mmoja angeegemea. Tukala samaki mmoja. Paka alikuwa anapita katikati, anachukua mwiba huku, anachukua mwiba kule, na sisi tunamwachia. Alipomaliza, mzee alijifuta vidole, akavuta ugoro, akapiga chafya.

"Paka, mwambie ndaga, nashukuru. Ila nyanya azipunguze."

"Paka, mwambie baba, nyanya zitapungua," nikasema. "Lakini ugoro na wenyewe upungue, nachoka kukunusa."

Nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka, ameinamia ukuta, kimya kimya, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.